Albert Namatjira na Milima ya Kwao

Katikati kabisa ya Australia, mbali na bahari kwa kila upande, kuna mlima ambao wenyeji wake wanauita Rwetyepme. Kwenye ramani nyingi utaukuta kwa jina la Mount Sonder. Urefu wake ni mita 1,380 juu ya usawa wa bahari, na kwa aliyekulia miteremko ya Kilimanjaro huo ni mwinuko wa migombani tu. Lakini umbo lake ukiliona halikutoki. Ni mwanamke mjamzito aliyelala chali: kichwa, kifua, tumbo lililoinuka, halafu miguu inayoteremka taratibu mpaka uwandani. Alfajiri mwanamke huyo ni wa buluu. Adhuhuri anapauka kwa ukali wa jua. Jua likielekea kuzama anaiva zambarau.

Kuna mtu aliyeuchora mlima huo mara nyingi sana, kwa rangi za maji, juu ya karatasi, ameketi chini kwenye mchanga na miguu ameikunja. Jina lake Albert Namatjira. Ndiye ninayetaka kumzungumzia leo, na nitasema mapema ninaloliamini juu yake, ili mnisikilize mkijua naelekea wapi. Kila mlima aliouchora, Namatjira alikuwa anasema: hapa ni kwetu. Taifa zima lilinunua picha zile, likazitundika sebuleni, likazisifia rangi. Lile neno lake lilichukua miaka mingi mno kusikika.

Alizaliwa tarehe 28 Julai 1902 huko Ntaria, mahali palipoitwa pia Hermannsburg, misheni ya Walutheri kutoka Ujerumani iliyoanzishwa mwaka 1877 kando ya mto Finke. Kutoka hapo kwenda mji wa Alice Springs ni safari ya kilomita kama 130 kuelekea mashariki. Wazazi wake walikuwa watu wa Arrernte wa magharibi, mojawapo ya jamii za Waaborijini, wenyeji wa asili wa bara lile. Walimwita Elea. Wazazi walipobatizwa, mtoto naye akabatizwa, akawa Albert. Alilelewa katika bweni la misheni, akajifunza kusoma na kuimba tenzi za kanisani. Alipofika miaka 13 wazee wakamtoa misheni, wakampeleka porini kumpitisha jandoni. Huko alifundishwa yale ambayo kijana wa Arrernte hana budi kuyajua: nyimbo za nchi yake, njia walizopita mababu wa tangu mwanzo, bwawa hili la nani, jabali lile nani anaruhusiwa kulisogelea.

Hili la mababu nalikazia, kwa sababu bila hilo picha zake hazieleweki. Kwa Waarrernte, nchi iliumbwa na mababu waliotembea juu yake, na walipopita wakaacha milima, mabonde na visima. Mtu hurithi sehemu ya nchi hiyo kupitia kwa baba, na ana wajibu mwingine kwa nchi ya upande wa mama. Sisi tunaojua uzito wa kwenda ujombani hatuhitaji kuelezwa sana. Namatjira alipokwenda kuchora Palm Valley, lile bonde lenye miti ya ajabu ya jamii ya michikichi katikati ya jangwa, alikuwa yuko kwa wajomba zake. Hakuwa mtalii pale.

Mwaka 1920, akiwa na miaka 18, aliondoka misheni ili aishi na msichana aliyempenda, Ilkalita, ambaye kwa sheria za ndoa za jamii yake hakuwa wa kundi aliloruhusiwa kuoa. Ikabidi wakae mbali miaka kadhaa. Huko Albert alifanya kazi ya kuendesha ngamia, na kazi hiyo ilimzungusha katika nchi kubwa ya mawe na mchanga. Ngamia waliletwa Australia karne ya 19 pamoja na waendeshaji kutoka Afghanistan na India, wabebe mizigo pale ambapo farasi walishindwa. Waliporudi Ntaria, Ilkalita alibatizwa, akaitwa Rubina. Albert akawa mtu wa kazi zote za misheni: useremala, uhunzi, kuchunga ng'ombe, kukata manyoya ya kondoo. Alichonga bumarangi na vibao vya mbao ngumu, akavipamba kwa kuvichoma na chuma cha moto, vikauzwa.

Miaka ile ilikuwa migumu. Ukame mkali wa mwishoni mwa miaka ya 1920 uliua watoto wengi wa Ntaria. Kulikuwa na chemchemi nzuri, Kaporilja, lakini maji yake yalikuwa mbali na makazi. Mwaka 1935 yakafikishwa kwa mabomba, na sehemu kubwa ya fedha ilipatikana Melbourne, ambako mchoraji Violet Teague na dada yake Una waliandaa mauzo ya picha kwa ajili hiyo. Kwa hiyo kabla Albert hajajulikana kama mchoraji, watu wa Ntaria walishakunywa maji yaliyoletwa na picha. Nadhani jambo hilo lina maana kubwa kuliko tunayolipa.

Sasa aingie Rex Battarbee. Huyu alikuwa mchoraji mzungu kutoka jimbo la Victoria, aliyejeruhiwa vibaya katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1934, yeye na mwenzake John Gardner walifanya maonyesho ya picha zao pale misheni, na wenyeji wakaja kwa wingi kutazama. Waliona milima yao wenyewe imetulia juu ya karatasi. Albert akataka kujifunza. Battarbee aliporudi mwaka 1936, wakaelewana hivi: Albert atamwendeshea ngamia, naye atamfundisha rangi. Wakafunga safari mbili, kila moja kama mwezi mmoja, wakaenda Palm Valley na kwenye safu ya milima ya MacDonnell. Miezi miwili tu ya mafunzo, basi! Hakuna chuo, hakuna cheti. Battarbee mwenyewe alishangazwa na kasi ya mwanafunzi wake.

Niseme kidogo kuhusu rangi za maji, maana watu huzidharau wakidhani ni za watoto wa shule. Mchoraji wa rangi za mafuta akikosea hufunika kosa kwa rangi nyingine. Rangi za maji hazimpi mtu nafasi hiyo. Rangi ni nyepesi, inapenya, na mwanga unaouona kwenye picha unatoka kwenye karatasi iliyo chini yake. Ukitaka weupe, unauacha. Karatasi yenyewe ndiyo nyeupe. Kwa hiyo kabla brashi haijagusa, lazima uwe umeshaamua mwanga utakaa wapi. Na jangwani hewa ni kavu, rangi inakauka kabla hujageuza kichwa. Mtu anayeweza kazi hii pale lazima awe anaijua sura ya mlima kabla hajauchora.

Namatjira aliijua. Tazama anavyopanga. Karibu na wewe, mara nyingi pembeni, anasimamisha mkaratusi mmoja, ule wa jangwani wenye gome jeupe kama chokaa, na anauchora kwa makini ya mtu anayechora uso wa mzee anayemheshimu: makovu, mafundo, tawi lililopinda. Nyuma ya mti anafungua uwanda, majani makavu ya manjano na udongo mwekundu. Halafu kule mwisho milima, kilima nyuma ya kilima, buluu, zambarau, waridi. Vivuli vyake havina weusi; vimejaa rangi. Watazamaji wa miji ya pwani, ambao hawajawahi kufika bara la ndani, walikuwa wakiona rangi za namna ile kwa mara ya kwanza. Wengi wao waliiona nchi yao wenyewe kupitia macho yake.

Mwaka 1938 alifanya maonyesho yake ya kwanza ya peke yake, mjini Melbourne. Picha 41, na zote zikanunuliwa ndani ya siku tatu. Kabla ya hapo alikuwa akitia sahihi ya Albert tu, jina alilopewa kanisani. Sasa akaandika Albert Namatjira, akaliweka jina la baba yake pale chini ya milima. Mwaka uliofuata jumba la sanaa la Australia Kusini, mjini Adelaide, likanunua picha yake ya Haasts Bluff. Mwaka 1944 akaingizwa katika kitabu cha watu mashuhuri wa Australia, Mwaborijini wa kwanza kuwemo. Mwaka 1953 akapewa medali ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na mwaka 1954 akapelekwa Canberra kukutana na Malkia mwenyewe. Mchoraji William Dargie alimchora Namatjira, na picha ile ikashinda tuzo ya Archibald ya mwaka 1956, tuzo kubwa ya picha za watu nchini humo.

Mpaka hapo mnaweza kudhani nasimulia habari ya mafanikio. Lakini mtu huyu aliyepewa mkono na Malkia, kisheria, hakuwa raia kamili. Hakuwa na haki ya kupiga kura. Kodi ya mapato alidaiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alikuwa na fedha na alitaka kukodi eneo la malisho afuge ng'ombe, awe na pa kuwaweka jamaa zake. Akanyimwa. Mwaka 1951 alitaka kujenga nyumba Alice Springs, kwenye kiwanja alichokinunua. Akazuiwa. Mtu aliyeionyesha dunia milima ile hakuruhusiwa kuweka paa lake chini ya milima hiyo. Aliishia kupiga kambi Morris Soak, kwenye kijito kikavu nje ya mji, vibanda vya mabati na maturubai, na matajiri wa miji wakawa wanamfuata huko huko kununua picha.

Walikuwepo waandishi wa wakati ule waliomlaumu kwamba fedha hazikai mkononi mwake. Ni kweli hazikukaa. Kwa sheria ya Arrernte alichokipata ni cha jamaa zake pia, na kadiri jina lake lilivyokua ndivyo jamaa walivyoongezeka. Alinunua gari, likabeba watu wote. Alinunua chakula, kikaliwa na kambi nzima. Nawaomba wasikilizaji ambao kila mwisho wa mwezi wanatuma fedha kijijini wamfikirie mtu huyu vizuri. Hakuwa mpotevu. Alikuwa mtu mzima anayetimiza wajibu, na wajibu wenyewe ulizidi uwezo wa mtu mmoja kwa sababu watu wake wote walikuwa wamefungiwa milango ya kujipatia.

Mwaka 1957 sheria mpya ya Jimbo la Kaskazini iliwaandika karibu Waaborijini wote wa jimbo katika orodha ya watu walio chini ya ulezi wa serikali. Mtu mzima, mwenye watoto na wajukuu, akaandikwa kama mtoto yatima: serikali inaweza kuamua akae wapi, inaweza kusimamia mali yake. Albert na Rubina hawakuwekwa kwenye orodha hiyo. Magazeti yakaandika kwamba Namatjira amepewa uraia. Sasa angeweza kupiga kura, kumiliki ardhi, kununua pombe. Lakini watoto wao walibaki kwenye orodha. Ndugu zao walibaki. Uraia ule uliwatenga na nyumba yao wenyewe.

Na hapo ndipo mtego ulipokuwa. Kumpa pombe mtu aliye kwenye orodha lilikuwa kosa la jinai. Wazee wetu waliyajua ya namna hii. Hata Afrika Mashariki ya kikoloni kulikuwa na sheria za kumkataza Mwafrika pombe kali za kizungu. Kwa mila ya Namatjira, kuwa na kitu na kumnyima ndugu aliyekaa karibu nawe ni aibu kubwa. Kwa sheria ya serikali, kumpa ni jela. Mwaka 1958 alishtakiwa kwamba aliacha chupa ya rum kwenye kiti cha gari, mahali ambapo ndugu na mchoraji mwenzake, Henoch Raberaba, angeweza kuifikia. Akahukumiwa miezi sita. Kelele zikapigwa nchi nzima, rufaa zikakatwa, adhabu ikashushwa hadi miezi mitatu, na Mahakama Kuu ya Australia ikakataa kuisikiliza zaidi. Waziri wa majimbo, Paul Hasluck, akaagiza asipelekwe gerezani, atumikie kifungo chake katika hifadhi ya Waaborijini ya Papunya. Alikaa miezi miwili, akaachiwa mwaka 1959.

Alitoka ameishiwa nguvu, na hamu ya kuchora ilikuwa imempungua mno. Moyo wake ulikuwa mgonjwa. Alipolazwa hospitali ya Alice Springs alimpa Battarbee picha tatu za milima. Akafariki tarehe 8 Agosti 1959, miaka 57 tu, akazikwa Alice Springs kwa ibada ya Kilutheri.

Nimekwisha kusema kwamba watu walisifia rangi wasisikie neno. Wataalamu wa sanaa nao walikosea kwa upande wao. Wengi walisema huyu anaiga Wazungu, kwamba Mwaborijini halisi angechora alama za kale, na mandhari ya rangi za maji ni kazi ya kujifunzia. Ukiliangalia kwa undani, shtaka hilo linamnyima mtu haki ya kuchagua chombo chake mwenyewe. Fundi akipokea kinubi kutoka ng'ambo na akakipigia nyimbo za kwao, nyimbo zile ni za kwao. Namatjira alipokea brashi na karatasi, akachora milima aliyoimbiwa jandoni, ile anayohusika nayo kwa baba na kwa mama. Yaliyo ya siri hakuyaweka wazi. Alichora sura ya nchi ambayo kila mpita njia anaweza kuiona, na yanayojulikana na wenyewe yakabaki kwa wenyewe. Naona hekima kubwa katika uamuzi huo. Mwaka 2002, miaka 100 tangu azaliwe, jumba la taifa la sanaa la Australia lilifanya maonyesho makubwa ya kazi zake, na kufikia hapo wengi walishaanza kuzisoma picha zile kama anavyozisoma mtu wa Ntaria.

Papunya, kule alikotumikia kifungo, kuna historia nyingine. Mwaka 1971 wanaume wa jamii mbalimbali za jangwani waliohamishiwa pale walianza kuchora habari za nchi zao, kwanza kwenye vibao, baadaye kwenye turubai, kwa alama na nukta ambazo leo zinajulikana duniani kote. Kwa macho, picha zao hazifanani kabisa na za Namatjira. Lakini kwa kauli ni ndugu: nazo zinataja mahali, zinataja aliyepita pale, zinataja nani ana haki ya kupasimulia. Na walijua tayari kwamba mtu wa jangwani anaweza kuishi kwa kazi ya brashi, kwa sababu alishatokea aliyewatangulia.

Kuhusu hatimiliki ya picha za Namatjira nitakuwa wazi, kwa maana kuna wasanii wanaonisikiliza. Mwaka 1957 Namatjira aliingia mkataba na kampuni ya uchapishaji, ichapishe nakala za picha zake kwa mrabaha. Alipofariki, usimamizi wa hatimiliki ukaangukia kwa mdhamini wa serikali, na mwaka 1983 mdhamini huyo akaiuza haki yote kwa kampuni ile kwa dola 8,500. Familia ikakatiwa mrabaha. Picha za babu yao zikaendelea kuchapishwa kwenye kadi na vitabu, na ilibidi kampuni iombwe ruhusa, wala si wao. Wajukuu walidai kwa miaka mingi. Mwaka 2017, baada ya kampeni ndefu na msaada wa mfanyabiashara Dick Smith, haki hiyo ilirudishwa kwa mfuko wa familia kwa bei ya dola moja. Dola moja, wasikilizaji. Lilikuwa jambo ambalo lingeweza kufanyika zamani sana, kama kungekuwa na aliyetaka kulifanya.

Msanii anayenisikia, iwe unachora Tingatinga pale Oysterbay au mandhari ya mlima kwa ajili ya watalii wa Moshi, karatasi unayotiwa mkononi kusaini isome, na kama huielewi mpe anayeielewa. Ulize haki inakwenda kwa nani siku haupo, na andika jibu hilo.

Wana wa Namatjira walichora: Enos, Oscar, Ewald, Keith na Maurice. Ndugu wa ukoo wa Pareroultja walichora, kwa mitindo yao yenye mawimbi na mistari. Wajukuu na jamaa wa ukoo wanachora hata sasa, katika kituo cha wachoraji cha Iltja Ntjarra mjini Alice Springs, kwa rangi zile zile za maji, milima ile ile, na katika baadhi ya picha za karibuni wameanza kuweka chini ya milima mambo ambayo babu hakuyachora: nyumba zisizotosha, na migodi. Mwaka 2020 kitukuu wake, Vincent Namatjira, alishinda tuzo ya Archibald, mchoraji wa kwanza mwenye asili ya wenyeji kuipata tangu ilipoanzishwa mwaka 1921. Mwaka 1956 Namatjira alikuwa ndani ya tuzo ile kama mtu aliyechorwa na mwingine. Vincent aliingia na brashi yake, na kwenye picha iliyoshinda amejichora mwenyewe, ameshikana mkono na mchezaji wa mpira wa Kiaustralia, Adam Goodes.